Nasaba na vinasaba

Neno nasaba tulilipata kwa Waarabu, na pwani imezoea kuihesabu upande wa baba: fulani bin fulani, hadi babu wa mababu. Tulipohitaji jina la chembe za urithi hatukwenda mbali. Tulilipa neno hilohilo kiambishi, tukapata vinasaba. Kenya wengi husema jeni, si kosa. Mimi nashikilia vinasaba, kwa kuwa ukoo unasikika ndani yake.

Ila vinasaba havifuati bin peke yake. Chukua ugonjwa wa selimundu. Mtaalamu huchora ukoo mzima: mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, mstari huunganisha wazazi, watoto hupangwa chini yao kwa kufuatana. Alama ya mgonjwa hujazwa wino. Mara nyingi utaona baba mzima, mama mzima, na mtoto mgonjwa, kwa sababu kila mzazi amebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua. Uwezekano wa kuzaa mgonjwa ni asilimia 25 kwa kila mimba. Kila mimba, narudia. Mtoto wa kwanza kuugua hakumkingi wa pili.

Wanawake wangapi wamerudishwa kwao kwa maneno haya: “Ugonjwa huu kwetu haupo, umekuja nao wewe”? Ni dhuluma, na mchoro unaikanusha, maana mtoto huyo amerithi pande zote mbili. Basi ukiulizwa kliniki habari za ukoo, wataje wajomba na mama wadogo pia, na watoto waliofariki wachanga bila ugonjwa wao kujulikana.