Migomba ya Kivu: faida ilihesabiwa namna gani?

Mikungu ya ndizi inayouzwa soko la Nyawera, komini ya Ibanda, hutoka zaidi vijijini. Kwa hiyo ugonjwa ukiingia shambani Kabare, wakaaji wa Bukavu nao wanausikia mfukoni.

Utafiti wa kilimo si jambo jipya hapa. INEAC, shirika la Wabelgiji lililoundwa 1933, lilikuwa na kituo Mulungu, teritwari ya Kabare. Hesabu yake kubwa ilikuwa kilo kwa hekta, hasa kwa mazao ya kuuzwa ng'ambo kama kahawa na kwinini. Mgomba wa nyuma ya nyumba haukuwa na nafasi kubwa katika hesabu hiyo. INERA ilirithi kazi hiyo mwaka 1970.

Kisha ukaja mnyauko bakteria. Mwaka 2001 ulionekana Masisi, Kivu Kaskazini, na baadaye ukashuka huku kwetu. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Hakuna dawa. Wadudu wanaueneza, panga pia, hata chipukizi alilokupa jirani kwa moyo mwema.

Watafiti walileta miche ya maabara, inayozalishwa kutoka kipande kidogo cha chipukizi. Mche huo hufika ukiwa safi, lakini haukingi mgomba: panga chafu likiugusa, unaugua kama mwingine. Tena unanunuliwa, na unataka mbolea na maji, wakati chipukizi la jirani ni bure. Anayepima faida kwa uzito wa mkungu peke yake anaacha gharama hiyo nje. Anaacha pia kasiksi, pombe ya ndizi, ambayo katika nyumba nyingi ndiyo karo ya watoto.

Uganda walikwenda mbali zaidi: mwaka 2010 migomba iliyotiwa jeni za pilipili hoho ilianza kujaribiwa shambani Kawanda. Bunge lilipitisha sheria ya mambo hayo 2017, rais Museveni akairudisha.

Huku Kivu kilichosaidia wengi ni kitu kidogo: kukata shina moja tu lililougua, si kung'oa shina zima na watoto wake, na kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mjane mwenye migomba ishirini anaweza kufanya hivyo peke yake, bila kununua kitu, na akaendelea kuvuna.