Neodimiamu

Neodimiamu ni elementi ya metali yenye alama Nd na namba atomia 60. Ina rangi ya fedha, huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,020 hivi za Selsiasi, na ikiachwa hewani hupoteza mng'ao haraka. Ndiyo maana maabara huihifadhi ndani ya mafuta. Umbo la jina hili limefuata mkondo wa sodiamu na kalsiamu, ingawa wapo wanaoandika neodimi.

Elementi hii imo katika kundi la elementi 17 ambazo magazeti ya Tanzania huziita madini adimu. Jina hilo limeshazoeleka, lakini linahitaji uangalifu. Madini ni kile kinachochimbwa mwambani, kwa mfano bastinesiti. Neodimiamu ni elementi iliyomo ndani yake. Wala si adimu kihivyo: katika gamba la dunia ipo kwa wingi kuliko risasi. Kilicho adimu ni mahali ilipokusanyika kiasi cha kuchimbika kwa faida, na kuitenga na jamaa zake ni kazi ngumu, kwa kuwa tabia zao za kikemia zinakaribiana mno.

Ugumu huo uliwapoteza hata wanakemia. Mwaka 1841 Carl Gustaf Mosander wa Sweden alitangaza elementi aliyoiita didimiamu, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya pacha. Mwaka 1885, mjini Vienna, Carl Auer von Welsbach aliigawanya zikapatikana mbili: praseodimiamu, pacha wa kijani, na neodimiamu, pacha mpya.

Kwa miaka mingi ilitumika zaidi kutia kioo rangi ya zambarau, kisha katika leza. Mageuzi makubwa yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale Masato Sagawa nchini Japani na John Croat wa General Motors nchini Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walipounda sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni. Hakuna sumaku ya kudumu inayouzwa kwa wingi yenye nguvu kuizidi. Imo katika mota za magari ya umeme, mitambo mingi ya upepo na spika ndogo za simu. Udhaifu wake ni joto na kutu. Dhidi ya joto huongezwa disprosiamu. Dhidi ya kutu mara nyingi hupakwa nikeli.

Neodimiamu ya Tanzania inayojulikana zaidi iko kilima cha Ngualla, mkoani Songwe, ndani ya mwamba wa kabonatiti wenye bastinesiti. Aprili 2023 Serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Peak Rare Earths ya Australia, na kupata hisa asilimia 16 katika kampuni ya ubia ya Mamba Minerals.