Nani Amchagulia Mtoto Masomo?

Wazazi wa Masisi na Walikale hutuuliza: "Mwalimu, mtoto amemaliza mwaka wa nane, ashike njia gani?" Tutazame kwanza mambo ya zamani.

Kwa mpango wa 1948, serikali ya Wabelgiji iligawanya watoto mapema mno. Baada ya miaka 2 tu ya shule, wavulana wachache waliochaguliwa walipewa miaka 4 ya kujitayarisha kwa sekondari. Wengine wengi walipata miaka 3, pamoja na kazi za mikono, kisha warudi kijijini. Wasichana walielekezwa hasa kwenye kazi za nyumbani. Mtoto hakuulizwa neno.

Baada ya Uhuru, mwaka 1961, ikaletwa miaka 2 ya mwelekeo mwanzoni mwa sekondari. Wote wajifunze pamoja, ndipo wagawanyike: ualimu, lugha, sayansi, biashara au ufundi. Sheria ya 2014 iliitia miaka hiyo 2 ndani ya elimu ya msingi ya miaka 8. Uchaguzi ukabaki mwishoni mwake.

Basi mlango umefunguliwa. Lakini penye shule moja yenye tawi moja, mtoto achague nini? Tena vita vimefunga shule nyingi huku kwetu. Kwa hiyo twawasihi, wazazi: muulizeni mtoto kipaji chake, binti naye sawasawa na mvulana. Kisha ulizeni katika kamati ya shule ni tawi gani laweza kuongezwa. Mbegu moja haifai kila udongo.