Somo Linalokushinda: Ulitupe au Ulibebe?

Juma hili nitazungumzia jambo linalowanyima usingizi wazazi wengi kila mara matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Barua iliyonisukuma imetoka Nyegezi, kwa mzee mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Binti yake amefaulu. Biolojia ana B, Kemia B, Jiografia C, lakini Fizikia ana D. Tangu utotoni binti anasema atakuwa daktari. Sasa shangazi zake wanamwambia aachane na Fizikia, achukue Kemia, Biolojia na Jiografia, yaani CBG badala ya PCB, ili aingie chuo kikuu bila kuhangaika. Mzee anauliza: je, ni busara kulitupa somo mapema, au ni woga?

Swali hili lina umri mkubwa kuliko sisi sote, na ningependa tulitazame kwanza kwa macho ya historia.

Enzi za mkoloni mwanafunzi hakuwa na nafasi ya kuchagua sana. Mtihani wa sekondari ulitoka Cambridge, Uingereza, na cheti kilitolewa kwa mkupuo. Aliyeanguka Kiingereza alikosa cheti chote, hata kama Hisabati aliipata kwa kishindo. Kwa hiyo somo dhaifu halikutupwa, lilikutupa wewe. Vijana wenye vichwa vizuri vya hesabu walirudi vijijini kwa sababu ya lugha ya watu wengine.

Katika mazingira hayo alipita kijana mmoja kutoka upande wetu huu wa ziwa, Julius Nyerere wa Butiama. Baada ya Tabora School alikwenda Makerere mwaka 1943, akatoka mwaka 1945 na stashahada ya ualimu, kisha akafundisha St. Mary's, Tabora. Mwaka 1948 alifaulu mtihani wa kuingilia chuo kikuu uliotungwa London, na Aprili 1949 akasafiri kwenda Uingereza. Alipofika Edinburgh alianza na kozi fupi ya kemia na fizikia. Naam, Baba wa Taifa alianza na sayansi. Lakini Oktoba mwaka huo huo alipokelewa katika kitivo cha sanaa, akasoma uchumi wa siasa, historia, sheria za katiba na falsafa, akahitimu mwaka 1952. Matunda yake tunayajua. Hata tafsiri zake za tamthilia za Shakespeare, ile ya Julius Caesar iliyotoka mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969, ni kazi za mtu aliyekuwa amefika nyumbani kwake kitaaluma.

Simtaji ili kusema kwamba sayansi ilimshinda. Sina sababu ya kusema hivyo. Namtaja kwa sababu watu hupenda kutumia mifano ya wakubwa kuhalalisha kukimbia. Tazameni mpangilio wa mambo. Alikuwa na mtihani wa London mkononi tayari. Alikuwa ameshafika mahali penyewe. Aliiacha njia moja akiwa ameiona nyingine mbele yake, ikiwa na jina na mlango ulio wazi. Kugeuza jahazi ukiiona bandari si sawa na kuruka majini kwa sababu wimbi moja limekupiga.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Baraza letu la Mitihani la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Shule zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Wakazi wa Mwanza wanaikumbuka Bwiru ya ufundi. Ndipo Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma. Chama kiliamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali afanye kazi kwanza kwa muda usiopungua miaka miwili, na apate sifa njema kutoka kazini na katika chama. Nia ilikuwa kupata wasomi wanaoijua nchi yao. Lakini baada ya miaka michache masharti yalianza kulegezwa, kwanza kwa wasichana, na pia katika masomo ya sayansi na uhandisi ambako waombaji hawakutosha.

Azimio hilo, kwa maoni yangu, linatuachia fundisho ambalo halikukusudiwa. Historia unaweza kuiweka kando miaka miwili ukairudia. Hisabati na Fizikia ukizilaza, unaziamsha kwa taabu. Somo la ngazi kwa ngazi likiachwa leo, mara nyingi limeachwa moja kwa moja. Ndiyo maana uamuzi wa kijana wa miaka 17 juu ya Fizikia una uzito kuliko anavyodhani.

Tuje katika siku zetu hizi. Masharti ya jumla ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa mhitimu wa kidato cha sita ni prinsipo mbili, kama vijana wanavyoziita, zenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Hapo ndipo mtego ulipo. Kijana akisikia "mbili zinatosha", analitupa la tatu kimyakimya: haingii tuisheni, hafanyi majaribio, analisindikiza tu mpaka chumba cha mtihani. Hajui kwamba hayo ni masharti ya kuvuka kizingiti cha nyumba, na kila chumba ndani yake kina kufuli lake. Udaktari wa binadamu unadai Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Uhandisi hauingiliki hivihivi bila Fizikia na Hisabati.

Kwa hiyo, mzee wangu wa Nyegezi, shangazi wanasema kweli nusu. Kwa CBG binti ataingia chuo kikuu. Ataweza kusoma kilimo, mazingira, au sayansi ya samaki na viumbe wa majini, na wewe unayeuza dagaa unajua jinsi ziwa hili linavyohitaji wataalamu. Chuo cha uvuvi kiko hapo hapo Nyegezi. Hiyo si njia ya walioshindwa. Lakini kwa njia hiyo mlima wa Bugando, kwenye hospitali na chuo cha madaktari, ataupita kwa daladala tu. Asije akaambiwa hivyo mwaka wa maombi, wakati vitabu vya Fizikia vimeshagawiwa kwa wadogo zake.

Na kama anakimbia Fizikia kwa kuogopa hesabu, ajue kwamba hesabu zitamfuata. CBG nayo ina ile Hisabati ya ziada, BAM, sawa na PCB.

Ushauri wangu ni huu. Kwanza, chukueni mwongozo wa udahili wa TCU, msome masharti ya shahada anayoitaka, siyo maneno ya barazani. Pili, ulizeni ile D imetoka wapi. Zipo shule nyingi ambazo mwalimu wa Fizikia alionekana kwa msimu kama kumbikumbi, na maabara ilikuwa kabati lililofungwa. D ya namna hiyo inapima shule kuliko mtoto. Lakini kama alikuwa na mwalimu, vifaa na muda, akajitahidi na bado ikawa D, basi somo limesema. Tatu, mpeni mwalimu mzuri kwa majuma machache kabla dirisha la kubadili tahasusi halijafungwa, muone kama kuna kinachosogea. Tangu mwaka 2024, serikali ilipoongeza tahasusi mpya 49 na kufikisha jumla ya 65, uwanja wa kuchagua ni mpana.

Na asisahau njia ya stashahada. Hapo Nyegezi taasisi iliyoanzishwa na Wamisionari wa Afrika wakati wa Askofu Joseph Blomjous ilifundisha kwa miaka mingi uhasibu, ustawi wa jamii na uandishi wa habari kabla ya kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Mimi ni mwenye stashahada na ninakula kwa jasho lake. Stashahada ya sayansi ya tiba imewafikisha wengi kwenye udaktari kwa kuzunguka, japo kwa miaka mingi zaidi.

Kama angekuwa binti yangu, na kama bado anausema udaktari asubuhi na jioni, ningemwacha aibebe Fizikia. Kama udaktari ni ndoto ya baba zaidi kuliko yake, ningemwachia CBG kwa moyo mweupe. Mzee, hilo la mwisho muulize yeye, na umwache amalize kujibu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.