Maji ya Kuoshea Miguu

Wengi wetu hudhani kuwa historia ni habari za wafalme, vita na mikataba tu. Lakini mambo madogo ayafanyayo mtu nyumbani mwake nayo yana historia yake, na pengine historia hiyo hutufaa zaidi. Katika insha hii nataka tuitazame desturi ya kuosha na kutunza miguu: ilivyokuwa zamani katika pwani yetu, adui aliyekuja baadaye, na sababu ya kutoidharau hata leo.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri mzaliwa wa Tanja katika nchi ya Moroko, alipita Mombasa akielekea Kilwa, akalala hapo usiku mmoja. Habari za safari zake, zilizoandikwa kitabuni mwaka 1355, zataja jambo ambalo mwingine asingejali kulitaja. Asema kuwa watu wa Mombasa walikwenda miguu mitupu. Milangoni pa misikiti palikuwa na visima, kina chake dhiraa moja au mbili, na maji yakitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba, mfano wa kata. Mahali palipozunguka kisima palisakafiwa. Kila aliyetaka kuingia aliosha miguu kwanza, kisha akaipangusa kwa jamvi nene lililowekwa mlangoni.

Angalia busara iliyomo katika mpango huo. Maji yaliwekwa njiani, mahali ambapo tajiri na maskini hawana budi kupita, wala hakuna aliyengoja mpaka augue ndipo aitazame miguu yake. Katika misikiti mikongwe ya pwani waweza kuona hata sasa, kando ya birika, vipande vya matumbawe vilivyopachikwa sakafuni ili watu wasugulie nyayo. Na katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, nyumba za mawe zilikuwa na vyoo na mahali pa kujisafishia ndani kwa ndani. Kwa hiyo akuambiaye kuwa usafi wa mwili ni jambo lililoletwa na wageni, mwonyeshe mawe hayo.

Wazee hao waliosha miguu kwa ajili ya ibada na heshima. Hawakumjua funza, kwa sababu siku hizo hakuwako Afrika. Asili yake ni nchi za Amerika. Mwaka 1872 merikebu moja kutoka Brazili ilifika Ambriz, katika pwani ya Angola, ikiwa imebeba mchanga wa farumi, yaani wa kuitia uzito isiyumbe baharini. Ndani ya mchanga huo mlikuwa na funza. Kutoka huko alifuata njia za misafara, akichukuliwa katika nyayo za wapagazi na askari, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amevuka bara zima hata akafika pwani yetu. Mdudu asiyezidi milimita moja alivuka Afrika kwa miguu ya watu!

Madhara yake yalikuwa makubwa. Katika miaka ya 1890, kandokando ya ziwa Viktoria, palikuwa na watu walioshindwa kulima kwa sababu ya vidonda vya miguu. Tena katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918, wapagazi waliochukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, ambao kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam, waliteswa na funza pamoja na njaa na maradhi mengine. Mtu aliyetembea peku mamia ya maili, asipate maji wala nafasi ya kuketi aitazame miguu yake, angejikingaje?

Funza jike hujipenyeza katika ngozi, hasa pembeni mwa kucha na katika nyayo. Kwanza huonekana kama kidoa chekundu chenye kuwasha. Baada ya wiki moja au mbili huvimba kama punje ya njegere, akiangusha mayai ardhini. Hupenda vumbi kavu na sakafu ya udongo, na wanyama kama mbwa, nguruwe na panya humwambukiza pia. Basi fahamu kuwa huyu si mdudu wa uchawi wala wa laana, wala si dalili ya uvivu. Huwapata zaidi wale ambao nyumba zao hazina saruji, na ambao viatu na maji kwao ni vitu vya taabu. Mwanafunzi achekwaye kwa sababu ya funza huacha shule kwa aibu, naye aibu humzidishia maradhi, kwa kuwa huificha miguu yake badala ya kuitibu.

Kwa hiyo, kila jioni, teka maji kidogo, osha miguu kwa sabuni, ikaushe hata katikati ya vidole, kisha uitazame vizuri penye mwanga. Nyunyizia maji sakafu ya udongo kabla ya kufagia, na vaa viatu ukivipata. Ukiona kidoa, usichokoe kwa pini iliyotumiwa na mwingine, kwani pini huweza kuleta pepopunda, hata ukimwi, nenda zahanati. Siku hizi yako mafuta ya dimetikoni ambayo humziba funza pumzi akafa bila kuchokolewa. Na ukimwona mwenzako anachechemea, usimcheke, bali mchukulie maji.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Watu wa Mombasa ya kale waliweka maji mlangoni ili pasiwe na apitaye bila kunawa miguu. Wewe huna haja ya kisima kilichosakafiwa. Karai moja la maji na dakika chache za jioni zatosha.