Kikombe cha Sini Jeddah na Dira ya Riyadh

Katika Suq al-Zal, mtaa wa al-Dirah, Riyadh, jirani na Qasr al-Hukm, vikombe vya sini, yaani kauri ya Kichina, hupangwa kando ya madele na mazulia makuukuu. Muuzaji hukipindua kimoja, akakuonesha maandishi ya Kichina chini yake, akasema ni cha zama za Ming. Sisi maandishi hayo hayatutoshi. Mafundi wa Jingdezhen walikuwa wakiandika majina ya wafalme waliokwisha kufa zamani, kwa heshima na kwa biashara pia.

Lililo yakini ni njia. Mwaka 1432 (835 Hijria) marikebu mbili za Kichina zilizotia nanga Aden hazikuweza kuuza kwa sababu ya machafuko ya Yemen. Ikaombwa ruhusa kwa Sultani Barsbay wa Misri ziingie Jeddah, naye akakubali. Ndani yake mlikuwa na sini, hariri na miski. Bidhaa hiyo hiyo ilifika pwani yetu: vigae vyake vimechimbuliwa Gedi na Kilwa, na mabakuli yalipachikwa katika makaburi ya Kunduchi.

Ama chai, haikuenea Hijazi ila karne ya 19. Kikombe cha Mchina, kidogo na kisicho na mkono, kilikuwa kimekwisha kuwa mali ya kahawa, na kiliafikiana na adabu zake: mwenyeji hutia kidogo, mgeni akitosheka hukitikisa. Chai ilipokuja ikapewa gilasi, biyala, nalo ni neno la Kifursi. Kwetu Unguja pia, vikombe anavyovigonganisha muuza kahawa njiani ni vya umbo hilo. Hata sinia letu, asili yake kwa Kiarabu ni “la Kichina”. Leo ni la shaba, na hakuna akumbukaye.

Jamaa waliotoka Unguja baada ya 1964 wametuonesha vikombe vya namna hii. Mara nyingi bibi peke yake ndiye ajuaye kama kilinunuliwa safari ya hija Jeddah au kilitoka duka la Darajani. Tunawaomba waandike hayo katika karatasi na kuitia ndani ya kikombe. Bibi akifariki, wajukuu hukipeleka sokoni, kikabaki na yale maandishi ya chini tu.