Risasi ndani ya tangi, risasi nje ya tangi

Jamani, leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Nataka tuongelee tangi la pikipiki lililobonyea, maana ndani ya kale kashimo kuna historia ambayo darasani hatukufundishwa. Na niseme mapema: risasi ninayoiongelea hapa si ya bunduki. Ni ile metali nzito, laini, ya kijivu.

Tuanze na tatizo lenyewe. Mlango wa gari ukibonyea, fundi bodi anashika chuma nyuma ya bati, anagonga kwa nyundo mbele, taratibu unanyooka. Tangi la pikipiki halikubali mambo hayo. Ni vipande vya bati jembamba vilivyochomelewa pamoja, na tundu la maana ni lile la kujazia mafuta tu. Mkono hauingii! Zamani matangi yalikuwa bapa, yamebanwa katikati ya mabomba ya fremu. Miaka ya 1920 likaingia umbo la tone la maji. Harley-Davidson walikuwa nalo mwaka 1925. Likapendeza machoni, ila kwa fundi likawa mtihani, kwa sababu juu ya umbo la mviringo rangi inayong'aa inatangaza kila kosa.

Sasa wenzetu wa Marekani na Ulaya walifanyaje? Walijaza shimo kwa lehemu, kama sehemu 70 za risasi kwa 30 za madini ya bati, haya yanayochimbwa pia kwetu Kyerwa. Mchanganyiko huo hauyeyuki ghafla. Unaanza kulainika kwenye nyuzi 183 za Sentigredi, na hadi karibu 255 unakuwa kama ugali. Fundi anausambaza kwa kipande cha mbao, ukipoa anaupiga tupa mpaka ulingane na bati. Kazi safi kabisa. Lakini vumbi lile la tupa ni sumu: linaingia kwenye damu, linajificha kwenye mifupa, linaharibu neva. Fundi akirudi nyumbani na nguo zake za kazi, anawapelekea na watoto.

Hiyo ni nje ya tangi. Na ndani je? Mwaka 1921 Thomas Midgley, mtafiti wa General Motors, aligundua kwamba kemikali moja yenye risasi ikitiwa kwenye petroli inazuia injini kugonga. Mwaka 1923 ikaanza kuuzwa. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa baada ya kuchanganyikiwa akili kwa sumu hiyo hiyo. Biashara haikufa. Kwa hiyo pikipiki iliyonyooshwa miaka ya 1940 iliweza kubeba risasi chini ya rangi na risasi nyingine kwenye mafuta. Dereva amekaa nyuma yake, hana habari.

Risasi ya nje ndiyo iliyoondoka mapema. Mwaka 1955 Robert Merton Spink, aliyekuwa na gereji Miami, alitoa kitu kinachoitwa Bondo, ambacho mafundi wetu wanakijua kwa jina la jumla, puti. Ni gundi ya plastiki iliyochanganywa na unga wa ulanga. Unatia dawa ya kugandisha, dakika chache imekauka. Hakuna moto, na haihitaji miaka ya kujifunza. Ninavyoona mimi, puti ilishinda kwa sababu ni rahisi na nafuu. Mapafu ya fundi yalifaidika kwa bahati tu.

Risasi ya ndani ilichelewa, kwani kuiondoa kuligharimu viwanda fedha. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana kuiacha mjini Dakar mwaka 2001, na kufikia Januari 2006 zikawa zimeiacha. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021. Hesabu mwenyewe tangu vifo vya Bayway: karibu miaka 97!

Hadithi imeishia hapo? Hapana. Kenya iliondoa VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, Tanzania ikatunga kanuni za pikipiki za abiria mwaka 2010, na bodaboda zikafurika. Matangi yaliyobonyea nayo yakafurika. Puti nene, zaidi ya milimita 6 hivi, hupasuka kwa mtikisiko, kwa hiyo fundi makini kwanza anachomelea pini juu ya shimo na kulivuta. Hapo moto umerudi. Mvuke wa petroli unalipuka ukiwa asilimia 1.4 hadi 7.6 tu ya hewa, ndiyo maana tangi "tupu" linatisha kuliko lililojaa. Wanaojua kazi wanaliosha na kulijaza maji kwanza. Kisha unakuja msasa, na vumbi la puti puani.

Kila hatua ya historia hii imefanya tangi lipendeze kwa bei ndogo zaidi, na kila hatua kuna mtu aliyevuta hewa chafu ili mwingine apate rangi inayong'aa. Madhara ya risasi yalijulikana mapema kabisa, ila waliokuwa wakilipa hawakuwa na sauti. Kwa hiyo ukipeleka pikipiki yako gereji, kabla ya kubishana bei ya rangi, muulize fundi maswali mawili: tangi umelijaza maji? Na barakoa yako iko wapi? Kama hana, mnunulie.